Nitajuaje kwamba mzee niliyemlaza wodini ana utapiamlo? Jibu kwa nesi wa Dodoma

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni nesi, nina mwaka mmoja na nusu kazini, wodi ya wanaume, hapa Dodoma. Tulimpokea mzee wa miaka 76 kutoka vijiji vya Chamwino akiwa na nimonia. Amechomwa sindano siku saba, homa imekwisha, kifua kimetulia, lakini anazidi kulegea. Hata kukaa kitandani anashikiliwa. Kwenye raundi daktari akauliza, 'Huyu anakula kweli?' Tukabaki kutazamana. Mzani wetu ni wa kusimama, na yeye hawezi kusimama. Afisa lishe ni mmoja na muda mwingi yuko wodi ya watoto. Je, kutambua utapiamlo wa mzee ni kazi yangu? Na nitautambuaje?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenirudisha mbali, maana na mimi niliwahi kuulizwa hivyo hivyo kwenye raundi nikakosa la kusema.

Ndiyo, ni kazi yako. Daktari humpitia mgonjwa asubuhi, pengine chai haijafika. Afisa lishe huja akiitwa. Atakayemwita ni yule aliyekuwepo hotpoti zilipofunguliwa, aliyemwogesha mzee akaziona mbavu, aliyembadilishia shuka akasikia wepesi wa mwili wake. Mtu huyo ni wewe na wenzako wa zamu. Mkinyamaza ninyi, njaa ya mzee haina msemaji mwingine.

Nianze na neno ambalo naomba uliondoe mdomoni: "uzee tu." Mzee amekonda, ni uzee tu. Hana nguvu, ni uzee tu. Mwili wa mzee hupungua misuli kadiri miaka inavyokwenda, hilo ni kweli, lakini hupungua polepole, miaka kwa miaka. Mtu anayelegea ndani ya wiki moja kitandani ana sababu, na sababu inatafutwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 bila ugonjwa wowote. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima na walikuwa wanakula. Mzee wako alikuwa na homa, na kula kwake hakuna anayekujua.

Nikusimulie habari ya bibi mmoja, jina na hospitali tuviache. Alitoka upande wa Mpwapwa, amevunjika nyonga, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta, analala chali. Kila mchana mjukuu wake alileta hotpoti: ugali, mboga, siku nyingine kipande cha kuku. Kijana mwenyewe alikuwa na kibarua soko la Majengo, hana nafasi ya kukaa. Anaweka chakula juu ya kabati, anasema "bibi, kula," anakimbia. Jioni anakuta chakula kimelala, anakirudisha nyumbani. Akaamini bibi hana hamu. Na sisi tukaandika kwenye faili: hamu ya kula ni ndogo.

Siku ya tano au ya sita nilipita pale saa nane mchana nikamkuta ameunyoosha mkono, vidole vinagusa ukingo wa kabati, hotpoti iko mbele yake kiasi cha shubiri. Nikaisogeza. Akajaribu kuifungua akashindwa. Vidole vina baridi yabisi na kifuniko kimekaza kwa mvuke. Nikafungua mimi, nikamwekea mto mgongoni kadiri mguu ulivyoruhusu, nikamkatia matonge. Alikula mpaka akalamba vidole. Hamu alikuwa nayo siku zote. Isitoshe, mara mbili bibi huyo alikuwa ameandikiwa asile kitu tangu saa sita usiku ili kesho aingie chumba cha upasuaji, na mara mbili zamu yake haikufika, akaambiwa kesho kutwa. Hakuna kati yetu aliyejumlisha saa alizokaa bila kula. Kidonda chake cha mgongoni kilianza wiki hiyo hiyo.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalokwambia halihitaji chombo: uwepo saa ya kula. Huwezi kumlisha kila mtu, najua mko wangapi zamu ya mchana. Lakini unaweza kupita vitanda vya wazee mara mbili, chakula kinapofika na chakula kinapoondoka. Mara ya kwanza unaangalia kama anafikia sahani, kama ameketi, kama meno ya bandia yako mdomoni au yamefungwa kwenye leso chini ya mto, kama miwani ipo, kama mikono imenawishwa. Mara ya pili unaangalia kilichobaki, unaandika: amekula chote, robo tatu, nusu, robo, au hakugusa. Andika kwa kila mlo, kwenye karatasi ile ile ya maji yanayoingia na kutoka kama hamna fomu nyingine. Siku tatu za robo robo zikiwa kwenye karatasi, hakuna atakayesema hakujua.

Na usimwulize mzee "umekula?" Atakujibu "nimekula, mwanangu," kwa heshima, hata kama tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Kwetu mtu mzima hatangazi njaa yake mbele ya kijana. Tena hao ni watu ambao wazazi wao waliipitia Mtunya, ile njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Njaa kwao si neno la kutamka ovyo. Mwamkie kwanza, "mbukwa" kama ni Mgogo, uone uso unavyofunguka. Kisha uliza kwa kuzunguka: jana mchana alileta nani chakula? Kilikuwa nini? Ulikimaliza? Kipi kilikushinda kutafuna? Uliza pia kabla ya kuugua nyumbani walikuwa wanapika mara ngapi kwa siku. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ghala nyingi huanza kukauka Januari na Februari kabla mavuno mapya hayajaingia. Mzee aliyelazwa miezi hiyo huenda alianza kupungua muda mrefu kabla ya nimonia.

Sababu ambazo wazee wenyewe wamenieleza, wakishaniamini, ni hizi. Mmoja alikuwa hali ili asiende haja, maana anaona aibu kumwomba binti wa umri wa mjukuu wake bedpani. Mwingine alikuwa anabakiza nyama ampe mtoto aliyekuja naye, ambaye hakuwa na chakula chake. Mwingine aliambiwa kliniki ana kisukari, akaambiwa hiki usile na kile usile, mwishowe akabaki na mchicha na chai isiyo na sukari. Kuna ambaye mdomo wote ulikuwa na utando mweupe wa fangasi, kila tonge linachoma. Fungua mdomo wa mgonjwa wako umulike kwa tochi ya simu. Nashangaa mara ngapi jibu huwa pale pale. Na usisahau huzuni. Mzee aliyefiwa na mkewe mwezi uliopita, chakula kwake kimepoteza utamu, na hatakwambia usipokaa naye.

Sasa vipimo. Mzani wa kusimama umekushinda, basi tumia utepe. Utepe wa MUAC, yaani wa kupima mzingo wa mkono wa juu, wa watu wazima mara nyingi unapatikana CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU. Ule wa watoto una rangi za watoto, zisikudanganye. Ukikosa kabisa, utepe wa fundi cherehani unafaa. Kunja kiwiko cha mkono wa kushoto, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama kwa kalamu. Kisha mkono uunyoshe ulegee, zungusha utepe penye alama bila kubana. Mtu mzima akiwa chini ya sentimita 23.5, kuna uwezekano mkubwa BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) iko chini ya 20, na kwa mzee aliyelazwa hiyo ni kengele. Pima pia shavu la mguu, ile nyama nyuma ya muundi, goti likiwa limekunjwa, mahali palipo panene kuliko pote. Chini ya sentimita 31 ni dalili ya misuli kuisha. Kama miguu imevimba, kipimo cha mguu kiache, kitakudanganya.

Uvimbe huo ndio unaotupoteza wengi. Mgonjwa wa moyo au wa figo anaweza kuwa na kilo zile zile za mwezi jana huku nyama imekwisha na maji yamechukua nafasi yake. Kwa hiyo mkono wako usiache kufanya kazi: shika mabega, pitisha kiganja penye mtulinga, angalia mashimo juu ya mitulinga na pembeni ya paji la uso, angalia nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Mahali pamezama, andika pamezama.

Uzito wa zamani utaupata wapi? Wazee wengi wana daftari la kliniki ya presha au kisukari, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Omba ulione. Nikupe hesabu ya mgonjwa mwingine, aliyeweza kusimama: miezi mitatu nyuma alikuwa na kilo 58, leo ana 51, urefu mita 1.65. BMI yake ni 18.7. Ukiangalia BMI peke yake utasema yuko salama, amepita 18.5, mpaka wa chini wa kawaida. Lakini amepoteza kilo 7 kati ya 58, yaani asilimia 12. Kupoteza zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi mitatu hadi sita ni hatari kubwa, hata mtu akiwa bado anaonekana na mwili. Ndio maana mimi siku zote huamini kupungua kuliko namba ya leo. Na kama hakuna daftari, muulize mke au binti: mkanda ameongeza tundu? Suruali inashikwa na mkono? Pete inateleza? Kwa bibi, kanga aliyokuwa anaifunga raundi moja na nusu sasa inazunguka mara mbili?

Ukitaka njia iliyopangwa, zipo mbili zinazotumika sana duniani. Moja ni MUST, iliyotoka Uingereza mwaka 2003. Inajumlisha alama za BMI, za kupungua uzito, na za ugonjwa mkali unaomfanya mtu asile zaidi ya siku tano; alama 2 au zaidi ni hatari kubwa. Mzee wa kilo 51 niliyemtaja anapata 3. Nyingine ni MNA fupi, iliyotengenezwa kwa ajili ya wazee wa miaka 65 na zaidi. Ina maswali sita, juu ya kula, kupungua uzito, kutembea, ugonjwa au mshtuko wa karibuni, akili na huzuni, na la mwisho BMI, ambalo unaweza kuliweka shavu la mguu badala yake. Jumla ni 14. Kuanzia 12 yuko salama, 8 hadi 11 yuko hatarini, 7 kushuka chini ana utapiamlo. Kwa wodi kama yako ningechagua hii ya pili, kwa sababu mgonjwa asiyesimama bado anapimika. Fanya ndani ya saa 24 za kulazwa, urudie kila wiki. Kurudia ndiko tunakokusahau. Mzee huingia wodini akiwa nusu mzima, tukampima siku ile tu, akaishia mikononi mwetu.

Usisubiri kipimo cha albumini, ile protini ya kwenye damu. Wengi tulifundishwa kwamba ikishuka basi ni lishe. Hushuka kwa maambukizi yenyewe, kwa hiyo mwenye nimonia atakuwa nayo chini hata kama jana alikula vizuri.

Tuje kwa mzee wako. Leo, kabla ya kitu chochote, hakikisha anameza salama. Mketishe wima, mpe kijiko kidogo cha maji, sikiliza: anakohoa? Sauti imekuwa ya majimaji? Kama ndivyo, simamisha chakula cha mdomoni na mwite daktari, maana nimonia yake huenda ilitokana na chakula kupita njia ya hewa na itarudi. Hasa kama amewahi kupata kiharusi.

Kama anameza vizuri, usimshindilie. Hapa nakusihi sana. Ndugu wakisikia "mzee hajala" watakuja na supu, wali, soda na juisi kwa mkupuo. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi, ukiingiziwa wanga mwingi ghafla, huvuta fosfati, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya seli. Moyo unaweza kwenda mrama na mtu akafa siku ambayo wote wanafurahi kwamba ameanza kula. Aliyekula kidogo sana au hajala kabisa zaidi ya siku tano, siku mbili za mwanzo apewe nusu tu ya mahitaji yake, kisha apandishwe taratibu. Daktari aandike thiamini (vitamini B1) ianze kabla chakula hakijaongezwa, na madini hayo yapimwe. Wewe angalia pumzi, mapigo ya moyo, uvimbe mpya, na kuchanganyikiwa.

Akishatulia, lengo la mzee mgonjwa ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, isipokuwa mwenye figo mbovu, huyo uulize kwanza. Kwa mtu wa kilo 50 ni gramu 60 hadi 75. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8. Utaona kwamba uji mweupe asubuhi na ugali kwa mlenda mchana haufiki hata karibu. Na mlenda ndio wazee wetu wasio na meno wanaupenda, unateleza wenyewe. Siuondoi. Naomba utiwe karanga zilizotwangwa kama Singida na Dodoma tunavyoupika siku za wageni, na uji wa uwele uwekewe maziwa na karanga, na yai livurugwe liwe laini. Milo midogo mitano humfaa kuliko sahani mbili kubwa zinazomchosha kuzitazama.

Kisha mwambie daktari, na umwambie kwa namba. "Mzee hali vizuri" ni sentensi inayopita hewani. Andika kwenye faili na uisome kwenye raundi: "Mkono sentimita 21.5, shavu la mguu 28, MNA 5, siku tatu anakula robo ya sahani, mdomoni ana fangasi. Naomba afisa lishe amwone leo, dawa ya fangasi, na fosfati, potasiamu na magnesi vipimwe." Namba hizo ni za mfano, weka zako. Afisa lishe mmoja mwenye kazi nyingi ataacha alichoshika kwa ujumbe wa namna hiyo. Na kwenye ripoti ya kupokezana zamu, mtaje mzee kwa chakula chake kama unavyomtaja kwa dawa zake.

Kama kuna atakayekwambia unajisumbua, mwambie habari za Uswisi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya hospitali nane za huko na wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa kwenye hatari ya utapiamlo. Nusu walipangiwa chakula kulingana na hali ya kila mmoja, nusu wakala cha kawaida cha hospitali. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 10 ya waliokula cha kawaida, na asilimia 7 ya waliopangiwa. Tofauti hiyo ilianza na mtu aliyewapima siku wanaingia wodini. Wale walikuwa na jiko la hospitali. Sisi tuna hotpoti za ndugu, kwa hiyo kazi yetu ni kubwa zaidi.

Kuhusu ndugu: zungumza nao kabla hawajaweka hotpoti juu ya kabati. Waambie mtu mmoja akae mpaka mzee amalize, na kama hawezi, akukabidhi chakula wewe mkononi. Kama kuna mtoto au mke anayemuuguza, ahakikishe na yeye ana chake, vinginevyo mzee ataendelea kugawa. Kama hakuna ndugu kabisa, usingoje siku ya tatu, mwite ofisa ustawi wa jamii siku ile ile.

Siku atakayoruhusiwa, mpime tena mkono na shavu la mguu, na uzito kama ataweza kusimama. Andika namba zote tatu kwenye karatasi ya ruhusa, chini ya dawa, pamoja na tarehe. Waambie waipeleke zahanati ya kijijini kwao baada ya wiki mbili na mhudumu wa pale apime mahali pale pale, mkono wa kushoto, ili aone kama mzee anapanda au anashuka.